Nani Anafungulia Choo Mvua Ikinyesha

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Fatiki, usafi wetu wa Jumamosi, imekwisha saa nne. Vyumba vyote sita vimetoa mtu na fagio — hata kijana wa chumba cha nne, anayeumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Nilimgongea mlango mpaka tumbo likapona. Uani kumefagiwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, choo kimesuguliwa kwa majivu na dawa. Sheria ya jiji inataka kila mwenye nyumba aweke kwake safi, choo kisijae, mtaro upitishe maji. Mimi sikungoja sheria. Miaka ishirini na sita ya polisi, nimestaafu sajini, na nilizaliwa kambini. Wapangaji wananiita Afande. Waite tu.

Choo chetu hakijawahi kujaa tangu wakati ule wa korona. Watu wananiuliza siri. Hakuna siri! Nidhamu. Mtu wangu hatupi kavera la plastiki wala nepi ndani ya shimo, akitupa tunaonana.

Lakini leo nina hasira. Jana mvua kubwa. Leo asubuhi nimeshuka kuangalia mtaro — uchafu tena! Si matope, matope nayajua. Ni mavi ya watu, na makaratasi yao, yameteremka mpaka mlangoni kwa Mama Tresor, yule Mkongo anayekaa chini ya ukuta wetu wa nyuma. Amekuta kwenye kizingiti. Amechota kwa sepetu, amemwaga maji, amechota tena. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga.

Kuna mtu anafungulia choo. Mchezo huu naujua, uko kilima chote. Unajenga choo, unaacha bomba nyuma, unaliziba kwa matambara. Shimo likijaa huiti gari la kunyonya. Unangoja mvua. Mvua ikishika kasi unavuta matambara, na mali yako yote inakwenda kwa jirani. Kesho yake unamwamkia: mumeamkaje? Wezi ni afadhali. Mwizi anachukua cha kwako, hawa wanakuletea cha kwao.

Na ni nani? Mtaro unapita nyuma kwa Mzee Dawudi, halafu nyuma kwetu, halafu kwa Mama Tresor. Juu yetu yuko Dawudi peke yake. Geti limeliwa na kutu, kuku kila mahali, matairi ya lori tangu enzi zake za udereva. Juzi huyo huyo alikuja kulalamika kwamba moshi wa takataka zangu unaingia kwake. Nyani haoni kundule!

Mume wangu Ocira, koplo mstaafu wa polisi, miaka sitini na saba na goti bovu, jana alitoka na gambuti katika mvua ile ile kuangalia mtaro na migomba yake. Dawudi alikuwa amelala, nina hakika.

(Haya naandika kwa Kiswahili kama sikuzote. Ndiyo lugha tuliyokulia watoto wa kambi, Waacholi, Walugbara, Wateso, wote. Na humu Kisugu, hapa Kampala, hakuna atakayejisumbua kuisoma. Wanasema ni lugha ya askari na majambazi.)

Jumapili, 5 Oktoba

Mtoto anaumwa. Tresor, miaka sita. Kliniki wamesema ni taifodi. Nimepeleka uji. Mama yake akasema, mama, mutoto iko na moto mwili yote. Nikamshika — kweli, moto.

Anakunywa maji ya jerikeni iliyokaa sakafuni, kwenye sakafu hiyo hiyo iliyopitiwa na uchafu. Bambi, maskini.

Nimerudi nikamwambia Ocira: nikimpata huyu mtu, nitahakikisha amefungiwa choo chake, geti lake na mdomo wake. Ocira alikuwa anakula. Akasema mtoto wa watu atapona. Nikamwambia sikuuliza kama atapona.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda divisheni, kwenye ofisi za jiji. Nimevaa viatu vya ngozi. Nimengoja foleni kama mwananchi, ingawa mlinzi wa getini alikuwa kuruta wangu na alitaka kunipitisha.

Afisa wa afya ni binti, Alum, mtoto wa Lira. Mdogo lakini ana adabu, na buti zake zina matope, kwa hiyo anafanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema malalamiko ya choo anayo kitabu kizima, kila mtu anamjua mkosaji na hakuna hata mmoja aliyemwona. Kwa mdomo hafungi choo cha mtu.

Nikauliza, akipatikana? Akanieleza. Notisi ya siku kumi na nne. Shimo lizibwe, choo kijengwe upya. Siku zikipita, choo kinafungwa, na nyumba isiyo na choo haikai wapangaji: wanatolewa wote. Mwenye nyumba anakwenda mahakamani. Mtu akiwa ameugua, hakimu hamwonei huruma.

Nikamwambia siku kumi na nne ni nyingi mno.

Akacheka. Akasema kuna dawa ya rangi, ataitafuta stoo.

Jumanne, 7 Oktoba

Mjomba wa Ocira amefariki Gulu. Ocira ameondoka na basi la asubuhi. Tumeagana vibaya.

Nilimwambia habari za divisheni wakati anafunga begi. Akaacha kufunga. Nani alikutuma? Nikasema nimejituma. Akasema, Mama Ayot, achana na mzee wa watu, tumeishi naye miaka ishirini, choo cha mtu ni siri yake. Siri! Siri inayoingia kwenye sufuria ya mwenzako! Nikamwambia kama unamwogopa Dawudi sema. Akafunga begi. Alipanda boda bila kugeuka.

Basi. Akirudi atakuta nimemaliza kazi. Simwambii neno tena mpaka nishinde.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru. Hakuna uhuru wowote. Tresor amelazwa hospitali, tumbo limevimba. Mama yake ameniachia ufunguo wa chumba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia Dawudi. Tena hadharani!

Alikuwa anatoka msikitini na wazee wenzake wawili, kanzu nyeupe, kofia, mkono nyuma. Nikasimama katikati ya njia. Nikamwambia, Mzee Dawudi, dini yenu inasema usafi ni nusu ya imani, sasa wewe nusu hiyo umeipeleka wapi? Umeimwaga kwa Mkongo? Nikamwambia kuna mtoto hospitali kwa sababu yake. Nikamwita mchafu. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Luganda ili wale wawili wasikose kitu.

Hakupandisha sauti. Akasema:

"Mama Ayot, mimi choo yangu sijafungura hata siku moja. Lakini kama mutoto anaumwa, pore sana."

Pore sana! Wenzake wakatazama chini. Wanawake wa genge la nyanya walikuwa wameacha kupima. Mimi nikaenda zangu, mgongo wima. Nimesikia raha mwili mzima, sitadanganya karatasi yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo fatiki ilikuwa na wageni. Binti Alum amekuja na chupa mbili — moja rangi nyekundu, moja ya kijani. Anamwaga dawa ndani ya shimo la choo. Mvua ikija, choo kikifunguliwa, mtaro unabadilika rangi na kumtaja mwenyewe. Hakuna maneno ya kubishana. Kazi safi!

Alikuja kwa ajili ya Dawudi tu, chupa ya pili ni ya akiba. Kwetu hakuwa na mpango. Watu walikuwa wamejaa njiani, Dawudi kasimama getini kwake na wajukuu, na mmoja wa wale wazee wa jana akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu mama ana mdomo, lakini choo cha kwake nani amekiangalia?

Damu ikanipanda. Nikasema: anza kwangu. Alum akasema si lazima, mama. Nikasema ni lazima. Askari anakaguliwa kabla ya kukagua. Nikamfungulia mlango wa choo mwenyewe, mbele ya wote, nikamwonyesha kilivyosuguliwa. Akamwaga kijani. Halafu tukapanda kwa Dawudi, akamwaga nyekundu. Dawudi alishika taa ya simu ili binti aone vizuri ndani ya shimo. Mtu wa ajabu.

Tatizo ni nani atasimama mtaroni siku ya mvua. Mama Tresor yuko hospitali, na Alum ana zoni saba. Akanitazama. Nikasema nina ufunguo wa chumba cha chini, nitakaa mlangoni pale. Akanipa fomu: tarehe, saa, mahali, rangi iliyoonekana, jina la shahidi, sahihi. Akasema anayemwamini kwa jambo hili ni mimi tu, kwa sababu nimezoea kuandika maelezo ya ushahidi. Atapita Ijumaa kuichukua, saa tano.

Dawa inakaa shimoni wiki mbili. Mungu, mvua.

Jumapili, 12 Oktoba

Jua kali. Kanisani padri ameomba anga liwe jeupe kwa ajili ya harusi ya mtoto wa katekista. Mimi kimoyomoyo nikaomba kinyume chake. Atamsikiliza mwenye shida kubwa zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ocira amerudi jioni, amechoka, ameleta odii, siagi ya simsim, na samaki mkavu. Mazishi yalikwenda vizuri. Nikampikia. Akauliza habari za nyumbani, nikasema salama. Akauliza habari za jirani. Nikasema sijui, mimi na jirani hatusemeshani.

Sikumwambia kitu. Niliapa sitamwambia, na nimeshika. Anga limejaa upande wa ziwa. Joto halipumui. Kesho!

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika ili nijue nimeona nini. Kwa utaratibu.

Mvua imeanza saa tisa na dakika kumi alasiri. Kubwa, ya kuangusha matawi. Nilichukua mwavuli, fomu ndani ya kavera, kalamu mbili. Ocira alikuwa amelala chumbani, au nilidhani amelala. Nikashuka kwa Mama Tresor, nikafungua, nikaweka kiti mlangoni. Mtaro unapita hatua mbili kutoka pale.

Dakika ishirini — maji ya matope tu. Majani. Ndala moja. Nikasema moyoni, Dawudi ameogopa, hatafungua leo. Nilikasirika kwamba ameogopa!

Saa tisa na dakika arobaini na mbili harufu ikaja. Nikainuka. Maji yakabadilika.

Kijani.

Si kijani cha majani. Kijani kinachowaka, kama ile fulana ya wafagia barabara. Kikajaa mtaro mzima na yale mambo yakielea ndani, kikapita mbele yangu kwenda chini.

Neno la kwanza nililosema, nalikumbuka: binti amechanganya chupa! Nilisema kwa sauti, peke yangu. Nikamtukana mtoto wa watu. Amevaa buti tu, kazi haijui! Lakini nilikuwepo. Nilimfungulia mlango mimi. Niliona kijani ikiingia kwenye shimo langu kwa macho yangu haya.

Nikapanda. Mwavuli niliuacha. Sikupita uani, nilizunguka nyuma ya choo, kwenye migomba. Kule huwa siendi. Tangu tununue kiwanja hiki tuligawana: mbele kwangu, nyuma kwake. Migomba ni ya Ocira, mimi sikagui migomba.

Alikuwa ameinama na gambuti, koti la mvua la polisi, mti mrefu wenye ndoana mkononi. Matofali yamesogezwa. Bomba la inchi nne. Linatoka chini ya choo changu, limekatwa vizuri, limepakwa saruji pembeni. Kazi ya fundi. Si kazi ya jana.

Aliniona. Hakuruka, hakukimbia. Akazungusha matambara kwenye ndoana, akaziba, akarudisha matofali moja moja. Mimi nikamtazama mpaka amemaliza. Kisha akasema twende ndani, utapata homa.

Gambuti zake zilikuwa kijani mpaka magotini. Hakuwa ameona. Nilipomwonyesha akauliza, hii ni nini?

Jumatano, 15 Oktoba

Sijalala. Nimekaa naye mezani tangu alfajiri, kama mahojiano. Nimeuliza, amejibu. Lazima nikubali kwamba hakudanganya hata mara moja. Ningependa angedanganya.

Tangu lini? Tangu mwaka wa pili wa korona. Mara ngapi? Kila msimu, shimo likikaribia kujaa. Alijenga nani? Yeye, wiki ile nilipokwenda kwa binti yetu Ayot alipojifungua.

Nikamwambia gari la kunyonya lipo, kwa nini hukuita? Akasema gari haliingii, njia imebanwa na nyumba, mpira wake haufiki. Unajua hilo, akasema. Nikasema wapo wale vijana wa mapipa, wanaochota kwa pampu ya mkono na kubeba mpaka barabarani, kila mtu wa kilima hiki anawaita!

Akanywa chai. Halafu akasema:

"Waliwahi kuja. Uliwafukuza getini. Ulisema pipa la mavi halitapita kwenye mawe yako meupe."

Nilisimama. Nilitaka kusema uongo huo! Lakini nawakumbuka. Vijana wanne, mapipa ya bluu, yanadondosha. Ilikuwa Jumamosi, chokaa bado mbichi. Niliwaambia wapite kwingine. Hakuna kwingine. Niliingia ndani na sikuuliza tena shida ya shimo ilikwisha vipi, na miaka yote hii nimekuwa nikiwahubiria watu nidhamu! Choo kisichojaa! Afande!

Nina hasira naye mpaka meno yanauma. Anitwike mimi? Je, mimi nilimwambia ammwagie mtoto? Nilisema mawe, sikusema mtoto! Angesema neno moja. Mwanaume mzima, koplo, anashindwa kumwambia mkewe choo kimejaa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, nani anakuambia wewe kitu?

Nimetoka nje. Nimesugua choo. Kimeshasuguliwa, nimekisugua tena.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda hospitali na uji, nusura nirudie getini. Mama Tresor amekonda. Madaktari wanamwangalia Tresor usiku na mchana, wanaogopa utumbo umetoboka. Wakihakikisha wanapasua. Mtoto alinitambua. Akaniita Afande, amejifunza kwa wapangaji.

Mama yake akanishika mkono. Akasema mvua ilinyesha juzi, je, ulimupata? Nikasema fomu anachukua afisa kesho. Akasema Mungu akubariki, mama, hapa Kampala hakuna mutu alishatusimamia. Alipiga magoti. Nikamwinua kwa nguvu, nadhani nilimuumiza bega.

Nilikimbia kutoka pale. Mimi, Sajini Lamwaka, nakimbia wodi ya watoto!

Jioni Ocira ana wazo. Alikuwa amelipanga, niliona. Wanjala, yule Mkenya muuza vifaa vya ujenzi aliyekaa chumba cha pili kabla ya mpangaji wa sasa, amerudi Busia mwezi uliopita, kwao kabisa, ng'ambo ya mpaka. Anajua mabomba. Tuseme tumegundua kwamba ndiye aliyetoboa ili chumba chake kisinuke, na mvua imesukuma matambara yake. Tuzibe kesho alfajiri kwa saruji. Hatapatikana, hataumia. Notisi itakuja lakini tutakuwa tumeshatengeneza, vyumba havitafungwa, wapangaji hawatatoka, na mimi, akasema, mimi na goti hili sitakwenda kulala jela ya Luzira.

Wanjala! Mpangaji pekee aliyetoka na fagio lake mwenyewe kila Jumamosi kabla sijagonga. Nikamwambia Ocira, nimechukua maelezo ya watu miaka ishirini na sita, mshtakiwa wa kwanza sikuzote ni aliyesafiri. Akasema basi unayo njia yako? Nikasema sina.

Na kweli sina. Nikiandika kijani, familia sita nje kabla ya Novemba. Mama wa chumba cha tano ana mapacha. Mzee wangu mahakamani kwa mtoto aliyeugua. Nikiandika nyekundu, hakuna aliyeona ila mimi. Sahihi yangu peke yake. Kila mtu hapa tayari anaamini ni Dawudi. Nani amewaaminisha?

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa mbili asubuhi, hodi getini. Dawudi.

Kavaa nguo za kazi, mikono ina saruji. Nikadhani amekuja kunitukana na nikafurahi, kweli nilifurahi, nikasema atukane. Hakutukana. Akaomba kiti. Akakaa uani kwangu, katikati ya mawe meupe, akaanza kueleza.

Tangu nilipomwambia mbele ya wenzake hakupata usingizi. Akasema yeye hajafungua, lakini choo chake ni cha zamani, alijengewa na baba yake, labda ukuta wa chini umepasuka bila yeye kujua. Mtu hawezi kuapa kuhusu kitu kilicho chini ya ardhi. Kwa hiyo juzi na jana amebomoa. Amekivunja choo kizima! Wajukuu wanakwenda kwa jirani. Amechimba pembeni kutafuta ufa, hajaona, lakini ataweka saruji yote mpya. Na jana jioni alikwenda hospitali, akampelekea Mama Tresor kuku, akamwomba msamaha. Mama Tresor akalia, akamsamehe.

Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Wewe na binti wa afya munaerewana. Mwambie nimeanza kutengeneza. Asifunge. Kama ni mimi nirimuumiza ule mutoto, Mama Ayot, mimi nitaijibu kwa Mungu."

Ocira alikuwa barazani. Alisikia kila neno. Nilimwona akishika mkono wa kiti, akainuka nusu. Nikasema moyoni, sema, Baba Ayot, sema sasa, nami nitasimama nyuma yako, naapa. Alikaa hivyo, si kusimama si kukaa. Kisha akajirudisha kwenye kiti.

Nami nilikuwa na mdomo. Mdomo ule ule uliomsimamisha mzee wa watu njiani na kanzu yake. Nikamwambia Dawudi, nimesikia. Hilo tu! Nimesikia! Akanishukuru. Alipokuwa anatoka alikwepa mawe, ili asiyachafue kwa viatu vyake.

Sasa ni saa tano kasoro dakika tano. Fomu iko hapa mezani kando ya daftari hili. Tarehe nimejaza. Saa, tisa na dakika arobaini na mbili. Mahali, mlangoni kwa Mama Tresor. Jina nimejaza, nimeandika na namba yangu ya zamani ya polisi, ingawa hakuna aliyeiomba. Mstari wa rangi bado.

Boda imesimama nje. Ni Alum, nasikia anavyozungumza na dereva. Ocira amekwenda kufungua geti. Amemwamkia vizuri, ameuliza habari za kazi. Sasa ananiita kutoka uani: Mama Ayot, mgeni wako amefika.

Wako! Miaka thelathini na nane ya ndoa, nyumba yetu, wapangaji wetu, na mgeni ni wangu mimi!

Nimemjibu kwa dirisha, kwa sauti ya gwaride, mtaa mzima umesikia: mlete binti nyuma, kwenye migomba. Nawe chukua mti wako wa ndoana.

Nasikia buti za binti zikitembea uani. Za Ocira bado sijazisikia.